Saa nne asubuhi, ndege imekwisha kuruka

Katika kazi yangu ya kuwafundisha wageni Kiswahili hapa Dar es Salaam, sijaona somo linalozaa vichekesho vingi kama somo la saa. Mgeni aliyekwisha kuzimudu ngeli, anayesalimia wazee kwa shikamoo bila kukosea, bado anaweza kumwomba dereva wa teksi amfuate saa nne asubuhi ili awahi ndege ya alfajiri. Dereva hufika saa nne kamili, jua limekwisha kuwa kali, akashangaa kumkuta abiria wake amenuna.

Mgeni huyo amejifunza maneno, lakini namna ya kuhesabu ameiacha ilivyokuwa kwao. Sisi huianza siku kunapokucha, na jambo hilo linawezekana kwa sababu tuko karibu na ikweta: tofauti ya macheo kati ya mwezi na mwezi hapa Dar es Salaam haifiki saa nzima kwa mwaka. London, jua la Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na la Desemba huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, kwa hiyo anayetoka huko hana sababu ya kulitegemea jua kama mwanzo wa hesabu.

Baadhi ya makosa hujifichua yenyewe. Anayealika majirani chakula saa moja mchana ataulizwa mara moja anamaanisha nini, kwa kuwa mchana hauna saa moja. Yanayoleta hasara ni yale yenye maana kamili: msafiri anayesoma 12:00 kwenye tiketi ya basi, akafika stendi ya Mbezi adhuhuri, huku basi lake lililoondoka kumepambazuka likiwa limeshaipita Morogoro.

Walimu wengi hufundisha kanuni ya kuongeza au kupunguza sita. Mimi siipendi, maana humfanya mwanafunzi aendelee kutafsiri kila anapoulizwa saa. Huanza na saa ya ukutani yenye mishale: mshale mfupi ukielekea nane, namwonyesha tarakimu iliyo upande wa pili, mkabala nayo, ambayo ni mbili. Kisha namtaka aseme sehemu ya siku kila mara, awe anaagiza teksi au anapanga kikao, hata pale mazungumzo yanapoonekana kujieleza.

Wenzetu wanaokwenda kusoma Uingereza hukutana na kosa hilohilo kwa upande wa pili. Mwanafunzi wa Kitanzania anayemwahidi profesa wake, kwa Kiingereza, kwamba atakuwa mlangoni kwake saa mbili asubuhi, tena kwa tarakimu hiyohiyo ya mbili, profesa humwelewa kuwa atakuja saa nane za usiku.