Bunduki ya Vita ya Mjerumani Isisuguliwe kwa Msasa

Kila inapotangazwa hapa Tanzania kampeni ya kusalimisha silaha kwa hiari, kama ile ya Septemba na Oktoba 2022, bunduki kuukuu nazo hujitokeza, nyingine zimesuguliwa kwa msasa na kuoshwa kwa dizeli. Nia ni njema, najua. Lakini nimewahi kupokea Mauser, bunduki ya Kijerumani, ambayo namba za kikosi kwenye chuma cha kitako zilikuwa zimefutika kabisa, na namba hizo ndizo zingetuambia ilibebwa na kikosi gani.

Askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Mjerumani, walianza vita ya 1914 na Mauser ya 1871, ya risasi moja moja ya milimita 11, ikitumia baruti nyeusi. Masizi yake yana chumvi inayovuta unyevu. Masika ya Rufiji, mtutu ukilala bila kuoshwa, asubuhi una kutu. Dawa yake, na hiyo ni kazi ya fundi, ni kumimina maji ya moto mpaka yatoke safi, kukausha kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mdeki, yaani ufito wa kusafishia mtutu, kisha mafuta kidogo. Watu hubisha kwamba maji yanaua chuma. Jamani, chumvi haiyeyuki kwa mafuta!

Risasi zilitesa zaidi. Aprili 1915 meli Rubens, iliyowaletea Wajerumani silaha na risasi, ilipigwa na manowari ya Kiingereza, Hyacinth, katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena iliopolewa imelowa maji ya bahari. Risasi zikafunguliwa, baruti ikaanikwa, zikaundwa upya, na bado nyingine ziligoma kulipuka vitani. Risasi ya namna hiyo ukiiokota shambani leo usidhani imekufa.

Kwa hiyo ukikuta silaha, usiiguse wala usivute komeo. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji au mtaa, naye ataarifu kituo cha polisi; polisi waifuate palepale, usiibebe kwenye bodaboda. Eleza ulipoipata na kwa kina gani. Kukaa na silaha bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya 2015, na laweza kushtakiwa kama uhujumu uchumi. "Ni ya babu" si kibali. Vitu vya kale navyo vina sheria yake, ya 1964.

Na kama ulishaipaka kitu kabla ya kusoma haya, taja ni kitu gani, hata kama ni mafuta ya kupikia. Fundi wetu wa kusafisha silaha kuukuu anahitaji kujua aanze na nini.