Poni akitulia sana, mpapase mgongo

Vituo vinavyotibu watoto kwa kuwapandisha farasi vinaponiita, maneno ya kwanza huwa yale yale: "Daktari, huyu hana neno. Mpole, hata watoto wakimvuta nywele za shingoni hatikisiki." Basi huyo ndiye ninayeanza naye.

Poni, yaani farasi mdogo, wa kazi hii mgongo wake ndio dawa yenyewe. Anapotembea, nyonga za mpandaji husogea mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kuzunguka kidogo, karibu sawa na za mtu anayekwenda kwa miguu yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hajawahi kutembea huupata mwendo huo akiwa amekaa. Poni aliyekakamaa kwa maumivu hufupisha hatua, na mtoto hakipati alichopelekewa pale.

Wengi wetu hukadiria mzigo usizidi asilimia 20 ya uzito wa mnyama: poni wa kilo 300 abebe kilo 60, tandiko likiwemo. Mimi hushuka chini ya hapo, maana mizani haioni uzito umelalia upande gani. Mpandaji asiyeweza kujiweka sawa huelemea upande mmoja kipindi kizima. Tena wapo wasaidizi wawili wanaotembea pembeni wakimshikilia. Mkono ukichoka, kiwiko hupumzikia kwenye tandiko. Kilo hizo hakuna anayezipima.

Kwenye kituo kimoja viungani mwa Nairobi nilimpapasa poni jike wa kahawia, mtu mzima wa miaka 19. Vidole viwili, polepole, kandokando ya uti wa mgongo kuanzia nyuma ya bega. Kushoto, kimya. Kulia, pale sehemu ya nyuma ya tandiko inapokaa, msuli ulicheza, mgongo ukabonyea, masikio yakalala nyuma. Karibu na bega palikuwa na vidoa vya manyoya meupe, alama ya tandiko lililobana zamani. Saisi wake, yaani mtunzaji wake, akaguna. "Kumbe! Ndiyo maana siku hizi nikikaza mshipi anageuka kutaka kuniuma." Hakuwa amemwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 2018 Sue Dyson, daktari wa farasi wa Uingereza, na wenzake walichapisha orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa. Zikionekana 8 au zaidi, shuku maumivu ya misuli au mifupa. Masikio kulala nyuma kwa sekunde 5 na kuendelea ni mojawapo. Orodha hiyo haikutungwa kwa poni anayeongozwa kwa kamba taratibu, kwa hiyo naitumia kama jicho la ziada tu. Kwato kila wiki 6 hadi 8, meno kila mwaka, chanjo: hayo vituo vingi wanayajua.

Tulimpumzisha bila mpandaji, akawa anatembezwa tu. Tandiko likabadilishwa, likapatikana lisilovuka ubavu wa mwisho, na watoto wakaanza kupandia kwenye jukwaa badala ya kuinuliwa kutoka chini, jambo linalolivuta tandiko upande mmoja.

Saisi nikampa daftari la shule. Nilivyorudi nikakuta ameandika mistari mifupi, kila siku wake. Mmoja ulisomeka: "Jumanne. Masikio nyuma. Msaidizi yule mrefu." Siku ya kipindi nilisimama uzioni nikamtazama huyo kijana. Raundi ya tatu, kiwiko kikatua kwenye tandiko, upande wa kulia.