Maana ya Kufuzu AFCON

Timu ya taifa huhesabiwa kuwa imefuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, yaani AFCON, pale inapopata nafasi ya kucheza fainali hizo, ama kwa kupita katika mechi za mchujo zinazosimamiwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF), ama kwa kuwa nchi yake ndiyo mwenyeji.

Fainali za 2025 nchini Morocco zilikuwa na nafasi 24. Baada ya hatua ya awali iliyozikutanisha timu nane dhaifu zaidi katika orodha ya ubora ya FIFA, timu 48 ziligawanywa kwa droo katika makundi 12, na kila timu ikacheza mechi sita, za nyumbani na za ugenini, kati ya Septemba na Novemba 2024, ili mbili za juu katika kila kundi zifuzu.

Kundi H linaonyesha vizuri kwamba kinachogombewa hasa ni kumaliza juu ya timu ya tatu. Tanzania ilifungwa mara zote mbili na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikatoka sare tasa na Ethiopia jijini Dar es Salaam, na bado ilifika mechi ya mwisho, tarehe 19 Novemba, ikiwa na pointi saba dhidi ya tisa za Guinea, iliyohitaji sare tu. Simon Msuva alifunga bao pekee katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Taifa Stars ikafikisha pointi 10 na kufuzu nyuma ya Kongo.

Timu zikilingana kwa pointi, CAF hutazama kwanza matokeo ya mechi zilizozikutanisha zenyewe, tofauti na mchujo wa Kombe la Dunia, ambako tofauti ya mabao ya kundi zima ndiyo hutangulia. Mashabiki wengi huchanganya kanuni hizi mbili.

Mwenyeji naye haketi kusubiri. Morocco ilicheza mechi zake zote sita za Kundi B na kuzishinda, ingawa nafasi yake ilikuwa tayari mkononi, na kwa sababu hiyo Gabon, Lesotho na Jamhuri ya Afrika ya Kati ziligombea nafasi moja tu badala ya mbili. Kwa fainali za 2027 CAF ilizipa uenyeji nchi tatu kwa pamoja, Kenya, Tanzania na Uganda, hivyo nafasi za kugombewa na wengine zinapungua zaidi.