Je, Wajua Kwa Nini Trela Kali Huweza Kuficha Filamu Mbovu?

Januari 2016 kampuni ya Warner Bros. ilitoa trela ya filamu ya Suicide Squad iliyopigiwa wimbo wa Queen, Bohemian Rhapsody. Milio ya risasi ilikwenda sambamba na ngoma, vichekesho vilitua mahali pake, na genge lile la wahalifu likaonekana la kufurahisha kuliko mashujaa wengi tuliowazoea. Agosti filamu ikatoka. Wahakiki waliikataa: kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ni kama robo tu yao walioisifu. Hata hivyo iliuza tiketi za zaidi ya dola milioni 740 duniani kote.

Waigizaji walikuwa walewale, mavazi yaleyale, picha zilitoka kwenye kamera zilezile. Iweje basi dakika mbili zisisimue na saa mbili zichoshe?

Jibu la kwanza ni kwamba mikono iliyotengeneza trela siyo iliyotengeneza filamu. Huko Hollywood, mwongozaji mara nyingi haikati trela yake. Studio huwapa kazi hiyo watu wa matangazo, nao huajiri kampuni ambazo biashara yake ni trela tu. Kampuni hizo hupewa picha mbichi, wakati mwingine filamu yenyewe ikiwa bado haijakamilika, na huambiwa itafutwe namna ya kumfanya mtu atoe hela. Mara nyingi kampuni mbili au tatu hushindanishwa kwa filamu moja. Wana hata tuzo zao, Golden Trailer Awards, zilizoanza mwaka 1999. Ni ufundi kamili, na wanaoufanya ni mabingwa. Ndiyo sababu trela nzuri haikuthibitishii chochote zaidi ya kwamba aliyeikata trela anaijua kazi yake.

Kisa cha Suicide Squad kilikwenda mbali zaidi ya hapo. Gazeti la The Hollywood Reporter liliandika Agosti 2016 kwamba studio iliingiwa na wasiwasi kuwa filamu ya mwongozaji David Ayer haikuwa na uchangamfu ambao trela ilikuwa imewaahidi watu. Kampuni iliyotengeneza trela, Trailer Park, ikaitwa isaidie kukata toleo jingine la filamu yenyewe. Matoleo mawili yakaonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio. Tangazo likawa ndilo linaloamua bidhaa iweje. Kwangu mimi, hakuna ushahidi mzito zaidi kwamba trela na filamu ni kazi mbili.

Hesabu nayo inasaidia. Trela ya kawaida haizidi sana dakika mbili na nusu. Filamu ya saa mbili ina sekunde 7,200; trela inachukua 150, yaani kama asilimia 2. Filamu yoyote iliyogharimu mamilioni haikosi sekunde 150 za kupendeza. Haikosi machweo mazuri, gari linaloruka, uso unaolia vizuri. Kinachofanya filamu iwe filamu ni jinsi tukio moja linavyozaa jingine na jinsi mhusika anavyobadilika taratibu mbele ya macho yako. Hayo hayakatiki kuwa vipande vya sekunde mbili, kwa hiyo trela haiwezi kuyaonyesha hata kama ingetaka.

Muziki nao si wa filamu. Trela hutoka miezi mingi kabla, wakati mtunzi wa muziki wa filamu huenda hajaanza kazi. Basi hutumika wimbo maarufu ulionunuliwa haki zake, au muziki uliotungwa mahsusi kwa ajili ya trela. Wengi waliosikia muziki mzito wa trela ya Inception mwaka 2010 waliamini ni kazi ya Hans Zimmer, aliyetunga muziki wa filamu ile. Wimbo ule, Mind Heist, ulikuwa wa mtu mwingine, Zack Hemsey. Unapohisi vinyweleo vinasimama ukitazama trela, zima sauti na uirudie. Utashangaa ni kiasi gani cha msisimko kilikuwa masikioni.

Kuna jambo la mazungumzo pia, ambalo wengi hawaligundui. Steringi anauliza swali, adui anajibu, nawe unadhani wako chumba kimoja. Angalia vizuri: ukisikia sauti huku midomo haionekani, au jibu likija juu ya picha ya mlango au anga, huenda sentensi zile zilitoka sehemu mbili za filamu zilizoachana kwa saa nzima. Wahariri wa trela huunganisha maneno ili kupata hadithi fupi inayoeleweka, na hadithi hiyo fupi si lazima iwe ya filamu.

Halafu kuna picha ambazo hutaziona kabisa ukishalipa. Mara nyingine ni bahati mbaya ya ratiba. Rogue One, ya 2016, ilirekebishwa sana baada ya trela yake ya kwanza kutoka, na picha kadhaa maarufu zikabaki kwenye trela tu. Mara nyingine hufanywa makusudi. Trela ya Avengers: Infinity War, iliyotoka Novemba 2017, ilionyesha mashujaa wakikimbia vitani Wakanda, nchi ya kubuni, Hulk, lile jitu la kijani, akiwa kati yao. Kwenye filamu picha hiyo haimo, na kukosekana kwa Hulk ni sehemu muhimu ya hadithi. Waongozaji walitaka usijue mapema. Mchezo huu ni wa zamani. Katika trela ya Psycho ya mwaka 1960, mwongozaji Alfred Hitchcock anatutembeza mwenyewe kwenye hoteli ya mauaji, na mwanamke anayepiga kelele bafuni mwishoni ni Vera Miles, wakati anayeuawa bafuni kwenye filamu ni Janet Leigh.

Mimi nayatofautisha haya. Kuficha siri ili mtazamaji aipate ukumbini ni kumheshimu. Kumwahidi kitu ambacho hakimo ni jambo jingine, na suala hilo lilifika mahakamani. Mwigizaji Ana de Armas alionekana kwenye trela ya filamu ya Yesterday ya mwaka 2019, lakini alikatwa kwenye filamu yote. Watazamaji wawili wa Marekani, waliokodi filamu hiyo kwa dola 3.99 kila mmoja, waliishtaki studio ya Universal mwaka 2022. Universal ilijitetea kwamba trela ni kazi ya sanaa inayolindwa na uhuru wa kujieleza. Desemba mwaka huohuo jaji Stephen Wilson aliikataa hoja hiyo: trela ni tangazo la biashara, na sheria za matangazo ya uongo zinaihusu. Aliweka mpaka, kwamba ni pale tu ambapo watu wa kawaida wangepotoshwa kuhusu kuwepo kwa mwigizaji au tukio fulani, siyo kuhusu uzuri wa filamu. Kesi haikuishia kwa ushindi wa walalamikaji, lakini nadhani jaji aliona sawasawa. Anayelipa kwa ajili ya mwigizaji ana haki ya kumkuta.

Kwa nini studio huhatarisha hasira hii? Kwa sababu zinapigania siku tatu za kwanza. Ijumaa hadi Jumapili watu huingia kwa nguvu ya matangazo, kabla habari za mdomo hazijaenea. Kwa hiyo trela huuza filamu ile ambayo watu wanaonekana kuitaka. Trela ya The Grey ilimwonyesha Liam Neeson akijifunga vipande vya chupa kwenye vidole ili apigane na mbwa mwitu. Waliokwenda kwa ajili ya pigano hilo walikuta filamu tulivu kuhusu kifo, inayoishia pale pigano linapotaka kuanza. Ni filamu nzuri, ninaipenda, lakini iliuzwa kwa watu wasio wake. Trela za filamu za Wonka ya 2023 na Mean Girls ya 2024 zilificha karibu nyimbo zote, eti watu wasijue kwamba waigizaji wanaimba.

Pengo hilo kati ya ahadi na filamu hupimwa. Nchini Marekani kampuni ya CinemaScore huwauliza watazamaji wa usiku wa kwanza waipe filamu alama, kuanzia A hadi F. Filamu ya mother! ilipata F mwaka 2017 licha ya wahakiki wengi kuisifu. Watu walikuwa wameingia wakitarajia filamu ya kutisha waliyoizoea. Alama ile ilieleza mengi kuhusu matarajio waliyoingia nayo.

Sasa, je, trela haifai kabisa kwa kuhukumu? Inafaa, ukijua cha kutazama. Mimi hutafuta mahali ambapo mhariri amethubutu kuiacha picha itulie. Mwigizaji akipewa sekunde nane au kumi bila kukatwa, akazungumza na mwenzake huku wote wawili wanaonekana, hapo unauona uigizaji wenyewe. Mwanga na namna kamera inavyosogea navyo ni vigumu kughushi. Trela inayokata kila sekunde moja tangu mwanzo hadi mwisho hunipa mashaka, na ile inayokusimulia hadithi yote hunipa mashaka zaidi, ingawa hiyo ya pili ina watetezi wake: trela ya Cast Away ilifichua kwamba mhusika hutoka kisiwani salama, na mwongozaji Robert Zemeckis alitetea jambo hilo akisema watazamaji hupenda kujua wanachokwenda kukiona. Na ukisikia kwamba wahakiki wamezuiwa kuandika mpaka siku filamu inapotoka, lipe jambo hilo uzito kuliko trela.

Zipo trela zinazosema kweli. Januari 2010 Isaac Nabwana, mtengeneza filamu wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, aliweka YouTube trela ya Who Killed Captain Alex?, filamu inayosemekana kugharimu chini ya dola 200. Bunduki zilikuwa za kuundwa kwa mikono, helikopta ya kompyuta hata mtoto angeitambua, na hakuna kilichofichwa. Ilitazamwa na mamilioni. Mmarekani mmoja wa mambo ya filamu, Alan Hofmanis, aliiona akiwa New York, akapanda ndege hadi Uganda, na baadaye akahamia Wakaliga kufanya kazi na Nabwana. Filamu nzima ilipowekwa YouTube mwaka 2015, VJ Emmie akiisimulia kwa kelele na mizaha kama inavyofanyika kwenye vibanda vya video vya Uganda, waliovutwa na trela walikuta kilekile walichoahidiwa, tena kwa wingi zaidi.