Uwezo wa barabara: hesabu watu, si magari

Uwezo wa barabara ni idadi ya watu wanaoweza kupita mahali pamoja, upande mmoja, kwa saa moja. Wengi huhesabu magari, na hapo ndipo wanapokosea: gari halina safari, mwenye safari ni mtu.

Chukua barabara ya Kigoma mjini kwenda Ujiji kupitia Mwanga. Njia isiyokatizwa na kitu hupitisha gari moja kila sekunde 2, yaani 1,800 kwa saa. Penye makutano, wavukao kwa miguu na bajaji zinazogeuza, yakifika 700 ni bahati. Kila gari likiwa na mtu mmoja na nusu kwa wastani, hao ni watu 1,050. Hiace yenye abiria 15 ikipita kila sekunde 30 ni watu 1,800, na njia bado ni nyeupe.

Kinachozibana daladala ni kituo. Hiace ina mlango mmoja. Aliye siti ya nyuma akishuka, wa viti vya kukunja wote wanainuka, huku konda akitafuta chenji. Tuseme sekunde 45 mpaka iondoke na nyingine iingie: nafasi moja ya kusimama inahudumia gari 80 kwa saa. Ikingoja kujaza dakika 5, ni gari 12 tu. Zinazofuata zinasimama barabarani, foleni inaanza, na lawama anatupiwa mkandarasi aliyejenga barabara nyembamba. Dereva naye ana hoja: jioni anadaiwa hesabu ya tajiri, na siti tupu inatoka mfukoni mwake.

Mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza 2016, uliitatua shida ya kituo kwa tiketi kukatwa kabla ya kupanda, milango mingi, na jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi. Basi la mita 18 hubeba watu kama 150. Likija kila dakika ni watu 9,000 kwa saa. Likija kila dakika 10 ni watu 900, pungufu ya wale 1,050 wa zile gari ndogo 700, hata kama lina njia yake peke yake.

Kigoma haihitaji basi la mita 18. Kwa Hiace 120 kwa saa, nafasi 2 zingetosha kama zingekuja kwa zamu. Kwa kuwa huja kwa mafungu, weka 3. Hiace ina urefu wa mita kama 5, na ya nyuma inahitaji pa kuchomokea bila kungoja ya mbele, kwa hiyo kituo kiingie pembeni kwa mita kama 25. Ya kujaza ikajazie stendi.