Simu Inaongea, Barua Ndiyo Imenyamaza

"Asiyeona na simu ya kupangusa wapi na wapi!" Kauli kama hizi kuhusu wasioona utazisikia hata hapa Dodoma mjini, kwenye vibanda vya wauza simu. Kumbe simu nyingi za Android wanazouza zina TalkBack ndani tayari, yaani programu inayosoma skrini kwa sauti. Kwa kawaida unabonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, unashikilia kidogo, simu inaanza kuongea. Gusa mara moja, inakutajia kilichopo; gusa mara mbili haraka, inakifungua. iPhone nayo ina ya kwake, VoiceOver, tangu 2009.

"Itaongea Kizungu tu." Kwenye Android Kiswahili kipo, ila uchague sauti yake mwenyewe. Ukisahau, jinsi itakavyotamka "ng'ombe" utacheka mpaka basi.

"Wote hawaoni kabisa." Wengi wana uoni hafifu, wakiwemo watu wenye ualbino. Hao pengine wanahitaji herufi kubwa tu: kwenye kompyuta, kitufe cha Windows na cha kujumlisha, skrini inakua.

"Kompyuta ya asiyeona ni ya bei mbaya." Mashine za nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole, ni ghali kweli, sibishi. Lakini kompyuta ni hii hii ya kila mtu. Programu ya kusoma skrini ya NVDA, aliyoianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006, naye haoni, ni ya bure na inakaa kwenye flashi. Kwa hiyo steshenari ya Majengo inaweza kumhudumia mteja asiyeona leo hii bila kununua chochote: achomeke flashi, avae hedifoni, aandike barua yake mwenyewe. Mwenye duka atasema hataki flashi za watu, zina virusi. Sawa, basi aiweke NVDA kwenye kompyuta yake.

"Simu zikiongea, nukta nundu za nini tena?" Waulize walimu wa shule ya wasioona ya Buigiri, kule Chamwino. Sikio halijui kama umeandika "nakula" au "na kula". Vidole vinajua.

"Vifaa vikipatikana, kazi imekwisha." Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu huu ni mji wa ofisi. Tangazo la kazi linachapwa kwenye kompyuta vizuri kabisa, linatolewa kwenye karatasi, linatiwa saini na kugongwa mhuri, kisha linaskaniwa na kurushwa mtandaoni. Kwa mwenye macho bado ni barua. Kwa programu inayosoma skrini ni picha tu, nayo inanyamaza. Wakati lile faili la mwanzo, lenye maandishi, lipo palepale kwenye kompyuta ya karani. Kuliambatanisha ni kazi ya dakika moja. Zipo njia za kuilazimisha programu isome picha, lakini mhuri huivuruga, na mara nyingi mhuri umegongwa juu ya tarehe ya mwisho ya kupokea maombi.