"Mwalimu, mwanangu atatoka?" Dhana potofu za wazazi kuhusu watoto na michezo

Jumamosi saa 1 asubuhi, kabla jua halijakolea, wazazi wanasimama chini ya mwarobaini ulio pembeni ya kiwanja chetu, na watoto wao wanafunga kamba za viatu. Kila Januari wanaongezeka. Nimefundisha watoto mpira na riadha kwa miaka 11 sasa, na wanangu wawili wamepitia kiwanja hichohicho. Maswali ya wazazi hayabadiliki, na mengi katika yale wanayoambiana pale chini ya mti si kweli. Nikiangalia watoto walioharibikiwa mikononi mwetu, karibu wote waliponzwa na jambo moja: haraka ya watu wazima.

Dhana: Asipoanza mapema, amechelewa

Baba mmoja aliniletea mtoto wa miaka 7 na ratiba aliyoiandika mwenyewe kwenye daftari: mazoezi siku 6 kwa wiki, mpira tu, mwaka mzima. Alikuwa ameambiwa kwamba watoto wa Ulaya hufanya hivyo.

Ukweli ni kwamba katika michezo mingi mtoto hahitaji kuchagua mchezo mmoja mapema hivyo. Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa 2 kwa jumla katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15. Alphonce Simbu alipata shaba ya dunia ya marathoni London mwaka 2017, akaipata dhahabu Tokyo Septemba 2025 akiwa na miaka 33, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Miaka 8 katikati ya shaba na dhahabu, na hapo tunamzungumzia mtu mzima tayari.

Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinashauri mtoto asibanwe na mchezo mmoja mpaka afike miaka 15 au 16. Kabla ya hapo akimbie, aruke, aogelee, acheze wavu, acheze rede na ndugu zake uani. Ipo michezo inayodai kuanza mapema, kama jimnastiki, lakini mpira, riadha, kikapu na wavu havimo. Madaktari wengi wa michezo hutumia kanuni rahisi: saa za mazoezi ya kupangwa kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka 10, saa zisizidi 10. Na kila wiki awe na siku 1 au 2 za kupumzika kabisa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wazazi. Kwenye timu ya miaka 13 hakosi mvulana mmoja ambaye sauti imeshakuwa nzito na mabega yametanuka. Anawapita wenzake kama wamesimama, na watu wanaanza kumwita kwa majina ya wachezaji wakubwa. Mara nyingi mtoto huyo amebalehe mapema tu. Baada ya miaka 2 wenzake wanamfikia kwa kimo, na ndipo inaonekana kwamba hakuwahi kujifunza kumiliki mpira kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Wakati huohuo yule mdogo wa mwili, aliyelazimika kutumia akili kila siku ili asisukumwe, tulishamwambia hana mwili wa mpira. Nimewapoteza wa namna hiyo, na nawakumbuka kwa majina.

Dhana: Maumivu ni sehemu ya mazoezi, atazoea

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Miaka 3 iliyopita nilikuwa na winga wa miaka 13, mwepesi kama swala. Kati ya Juni na Oktoba alirefuka mpaka suruali ya shule ikawa inaishia juu ya kifundo cha mguu. Akaanza kuchechemea baada ya mazoezi. Nikamwambia ajinyooshe. Nyumbani, mama yake akawa anamkanda kwa maji ya moto, kisha akampeleka kwa mchuaji, ambaye alimbinya goti kwa nguvu zote. Siku alipokaa chini katikati ya mechi ndipo nilipomshusha soksi nikaona uvimbe mdogo mgumu, chini kidogo ya kifuniko cha goti. Nilipougusa kwa kidole gumba alishtuka mwili mzima.

Daktari alitueleza hivi: mifupa yake ilikuwa imekimbia kuliko misuli. Kano, yaani kamba ngumu inayoshika misuli na mfupa, inayoshuka kutoka kwenye goti ilikuwa ikivuta kila siku sehemu ya mfupa ambayo bado ni laini kwa sababu ndipo panapokulia. Tatizo hili linajulikana sana kwa watoto wanaocheza wakati wa kurefuka. Dawa yake haikuwa sindano wala upasuaji. Ilikuwa kupunguza kuruka na kukimbia kwa kasi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kunyoosha misuli ya paja taratibu, na subira. Alirudi baada ya miezi 4. Uvimbe bado upo na haumsumbui. Kilichokuwa kinamuumiza zaidi ni sisi tuliokuwa tunamwambia avumilie.

Kwa hiyo, mzazi, uchovu wa misuli unaoisha kwa siku moja au mbili ni wa kawaida. Kuchechemea si kawaida. Maumivu yanayomwamsha usiku, kiungo kilichovimba au maumivu ya upande mmoja yasiyoisha wiki ni ya kupeleka hospitali. Na akisema goti linauma lakini goti halina kitu, mwombe daktari aangalie nyonga pia, kwa sababu ugonjwa wa nyonga kwa watoto wakati mwingine hujitokeza kama maumivu ya goti. Mtoto mwenye homa asifanye mazoezi kabisa, akapimwe malaria kwanza.

Pushapu na mazoezi ya nguvu hayadumazi mtoto, mradi anafundishwa namna sahihi na habebeshwi uzito wa watu wazima. Mwenye pumu anacheza, dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni. Mwenye selimundu aamuliwe na daktari wake, na asikimbizwe juani bila maji.

Dhana: Michezo itaua masomo

Mtoto wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam anaamka saa 11 alfajiri ili awahi daladala. Anatoka shule saa 9 au 10, anaingia twisheni mpaka saa 12. Ukiongeza hapo mazoezi ya mpaka saa 2 usiku, umemnyang'anya usingizi. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji kulala saa 9 mpaka 12, na wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji saa 8 mpaka 10. Mtoto anayesinzia darasani hukosa somo, awe mcheza mpira au mkaa nyumbani. Basi hesabu iwe ya saa za siku nzima, na twisheni nayo iingie kwenye hesabu hiyo.

Mchezo wenyewe si adui wa kitabu. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate wastani wa dakika 60 za kutoa jasho kila siku. Historia ya eneo letu pia inasema. Shule ya sekondari ya St Patrick's kule Iten, Kenya, ni shule ya ubao na chaki kama nyingine, na mtu aliyeifanya ijulikane duniani kwa riadha, Bradha Colm O'Connell, alifika pale mwaka 1976 kufundisha jiografia. Peter Rono alisoma hapo, akaenda chuo Marekani, na mwaka 1988 akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Seoul. Suleiman Nyambui wetu, aliyepata fedha ya mita 5000 Moscow mwaka 1980, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso kwa sababu ya miguu yake. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch Februari 1974, baadaye alianzisha shule.

Ila nisikufiche: ufadhili wa vyuo vya Marekani unadai alama za darasani. Mtoto anayeacha kitabu kwa ajili ya mchezo anaufunga mlango ambao mchezo ungeweza kumfungulia.

Dhana: Msichana akicheza sana ataharibika mwili

Wanaoniambia hivi ni wanawake kuliko wanaume, tena kwa sauti ya chini. Hatazaa. Atakuwa dume. Atapoteza ubikira kwa kuruka viunzi.

Faith Kipyegon wa Kenya alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Rio mwaka 2016, akajifungua mtoto wa kike mwaka 2018, akarudi na kuichukua tena Tokyo na Paris. Hapa kwetu, Clara Luvanga amekwenda Al Nassr ya Saudi Arabia, na Aisha Masaka alijiunga na Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Kuhusu ubikira, Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walishatamka mwaka 2018 kwamba hakuna kipimo cha kitabibu kinachoweza kuuthibitisha. Binti asinyimwe uwanja kwa jambo ambalo hata daktari hawezi kulipima.

Hatari halisi kwa msichana ni nyingine, na haizungumzwi chini ya mwarobaini. Ni kufanya mazoezi makali huku chakula hakitoshi. Mwili ukikosa nguvu unaanza kubana matumizi, na hedhi ni kati ya vitu vya mwanzo kusimama, na mifupa inadhoofika. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo akikosa hedhi miezi 3 mfululizo, au akifika miaka 15 bila kuiona, apelekwe hospitali. Usimpongeze kwamba sasa amekuwa mwepesi. Mpe ugali wa kutosha, maharage, dagaa, yai, mboga za majani, na ale kabla ya mazoezi.

Na kinachowaondoa wasichana wengi kiwanjani kwetu ni kidogo mno: hakuna choo chenye mlango, hakuna pedi, na binti wa miaka 12 anaona aibu kukimbia bila sidiria inayomshika. Mama akinunua sidiria hiyo moja, amefanya zaidi ya kocha.

Dhana: Kuna wakala, analipwa kidogo tu, anampeleka Ulaya

Simama hapo kwanza. Kanuni ya 19 ya usajili ya FIFA inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa kuhamia nchi nyingine. Kuna vighairi vichache, kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, au vijana wa miaka 16 mpaka 18 wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya. Mtoto wa miaka 14 kutoka Temeke hayumo. Anayekuomba pesa za viza na majaribio kwa ajili yake anakuibia, au anakwenda kumtelekeza mwanao katika mji ambao hana ndugu.

Mbwana Samatta alipitia African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, na hiyo bado ni Afrika. Ulaya, kwa Genk ya Ubelgiji, alifika Januari 2016 akiwa na miaka 23. Aston Villa ilikuja Januari 2020, akiwa na miaka 27.

Pamoja na wakala huja ushauri wa kupunguza umri. Tangu mwaka 2009 FIFA hupima kifundo cha mkono kwa MRI, picha inayoonyesha ukomavu wa mfupa, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Serengeti Boys wenyewe, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walikwenda fainali za Afrika Gabon mwaka 2017 kwa sababu Kongo Brazzaville iliondolewa, baada ya mchezaji wake mmoja kutofika kwenye kipimo hicho. Taifa zima la Kongo lilikosa nafasi. Mwanao mpe cheti halali cha kuzaliwa cha RITA, na ukitunze, pamoja na kumbukumbu za klabu alizochezea tangu miaka 12, kwa maana klabu hudai fidia ya malezi kwa miaka hiyo na utata wa karatasi humkwamisha mtoto.

Dhana: Kocha ni mzazi wa pili, mwachie tu

Usimwachie mtu yeyote, hata mimi. Uliza nani mwingine mzima anasafiri na timu, watoto wanalala wapi, kwa nini kocha anampigia binti yako simu usiku. Kocha mwema hakasiriki kuulizwa. Ukiwa na shaka, namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, Tanzania na Kenya.

Dhana: Akiacha, tumepoteza kila kitu

Viatu vimenunuliwa, nauli imekwenda, na mtoto wa miaka 14 anasema hataki tena. Wazazi wengi hulipokea hili kama usaliti. Lakini walio wengi kiwanjani kwangu hawatalipwa kwa mchezo hata siku moja, na nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Mapafu, marafiki na uwezo wa kushindwa mchana na kurudi kesho yake asubuhi, hivyo anaondoka navyo.

Yule winga wa goti sasa yuko kidato cha tatu. Alipopona alirudi kwenye mpira kwa muhula mmoja, kisha akaniambia, macho yakiwa chini, kwamba anapenda wavu. Urefu uliompa maumivu sasa unamsaidia kwenye neti, na mwaka huu yumo kwenye timu ya shule inayojiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Mama yake bado anakuja kiwanjani kwetu Jumamosi, na mdogo wake wa miaka 9, na ndoo ya maji yenye kifuniko. Juzi mzazi mgeni alimuuliza mama huyo mdogo anacheza namba ngapi. Mama akajibu, "Bado anacheza tu."